Supu ya Mzazi Ilivyokwenda Baharini

Aibu za watu wengine zina kisa, yangu mimi ina kisa na harufu, na harufu yenyewe ni ya mkizi, na hata leo nikipita pale mtaani kwetu Maweni kuna mama mmoja, mtu mzima kabisa, ana wajukuu, akiniona huziba pua kisha hucheka mpaka akashika ukuta. Simlaumu. Siku ile alikuwapo, tena alisimama mbele kabisa. Basi kaeni niwape yote, maana mkiisikia kwa huyo mama ataongeza chumvi, na mimi (mnanijua) siongezi chumvi hata kwenye mboga.

Ilikuwa miaka ya thamanini, enzi zile watoto wakienda shule kwa ajili ya maziwa ya bure kuliko kwa ajili ya mwalimu, na mimi shule nilikuwa nimeshaikosa zamani, kwa hivyo hata hayo maziwa nayasikia tu. Kazi yangu ilikuwa kwenye stoo ya barafu ya Bwana Nasoro, karibu na gati la Malindi. Navunja barafu, napakia mkokoteni, napeleka mahotelini na kwenye majumba ya Wazungu, na nilikuwa na nguvu, jamani, nikisukuma ule mkokoteni upepo ndio uliokuwa ukinifuata nyuma ukihema. Pale stoo tulikuwa pia na friza moja, kubwa kama kaburi la watu wawili, ya kuwekea chambo cha zile boti zinazochukua watalii kwenda kuvua kwa raha. (Mtu hana njaa, analipa pesa akavue samaki, akishampata anampiga picha. Sikuwahi kuelewa, lakini ndio waliokuwa wakitulisha.) Chambo chenyewe si cha mchezo: mikizi wazima, mabaharia wamewashona ndoana tumboni, waya umetokeza mdomoni, kisha wanatiwa kwenye mifuko ya nailoni, wanaviringishwa gazeti, wanagandishwa mpaka wawe kama matofali.

Sasa mke wangu Sidi akapata mimba, ya kwanza. Na kwao Jilore, mimba ya kwanza binti hurudi kwa mamake akazalie huko, alishwe, akandwe, na akisharudi hatoki tena mpaka mtoto ajue kutambaa. Mama mkwe akaleta salamu kwamba atakuja kumchukua. Sidi hakutaka kwenda, mimi ndiyo kabisa sikutaka, maana nyumba bila Sidi ingekuwa stoo nyingine ya barafu. Lakini utamwambia nini mkwe? Mwanamume nyumba nzima yuko peke yake, mzazi atapikiwa na nani?

Jibu nikalipata kwa Mzungu. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kitaliano kule Casuarina, nilikuwa nikimpelekea barafu, naye tumbo limefika puani. Siku moja namkuta jikoni kazungukwa na masufuria, anapika kama mtu mwenye harusi. Nikamuuliza, "Mama, kuna wageni?" Akasema hapana, hiki ni chakula cha nikishazaa, nakipika sasa, nakigandisha, siku hiyo ikifika ni kupasha moto tu. Akanifungulia friza yake nikaona, vifurushi vimejipanga kama askari. Haki ya Mungu, nilirudi na mkokoteni mtupu mbio, kichwa kinawaka. Mimi si nina friza? Tena yangu (ya Bwana Nasoro, lakini funguo si ninazo mimi?) ni mara nne ya yake.

Bwana Nasoro nilipomuomba akasema, "Weka, Katana. Lakini chambo cha watu kikiharibika, utashonwa ndoana wewe."

Nikapanda Jilore mwenyewe kumtuliza mama mkwe. Mnajua heshima ya mkwe ilivyo kwetu, hamtazamani, hamkai mkeka mmoja, na huyu wangu alikuwa ameikamata heshima hiyo kwa mikono miwili, akitaka kuniambia neno huliambia nguzo ya mlango na mimi nalisikia kwa bahati tu. Nikamweleza mpango wote nikiwa natazama kuku. Akaiambia nguzo, "Huyu mtu anasema mwanangu atakula chakula cha jana."

Nami nikawajibu kuku, nikimwita mama kwa lugha ya kwao, "Mayo, si cha jana. Kimelala tu. Ukikiamsha kinaamka na ladha yake."

"Mwulize, akikosa je?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipotangulia na akili ikabaki nyuma inafunga viatu. Nikasema, "Mzazi akikosa kupakuliwa siku moja tu, mizigo yake ya kuja hapa Jilore naipakia mwenyewe kwenye mkokoteni wangu." Wakubwa wote wa mji walikuwa wamekaa pale wanasikiliza. Mkwe akaiambia nguzo, "Haya. Nimesikia."

Tukapika. Si kupika huko mnakojua nyinyi. Mwezi wa mwisho wa mimba, kila Jumapili, Sidi amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi na tumbo liko mbele yake kama nazi nyingine, mimi nachinja, nakatakata, napepea jiko. Supu ya kuku na pilipili manga, supu ya miguu ya mbuzi (ile ya kuleta maziwa, nzito, ukiiachia dakika moja kijiko kinasimama chenyewe), maharagwe ya nazi, kuku wa kupaka, hata mboga chungu ya mchunga tuliipika. Jirani yetu mmoja (ndiye huyo huyo wa kuziba pua) akapita akasema, "Mnamwekea karamu mtu hajafika, mnajua kama anakula?" Nikamwambia, "Wewe subiri tu, utakuja kuomba hata mchuzi."

Ilipofika kufunga, sikuwa na kitu cha kufungia, nikachukua ile mifuko ya nailoni ya pale kazini na magazeti ya pale pale kazini. Sidi akaniletea leso kuukuu ameshaichana vitambaa vitambaa. Akaniambia, "Baba, kila kifurushi funga kitambaa. Vyetu vijulikane."

Jamani, kama ningelifunga vile vitambaa, leo ningekuwa hapa nawasimulia habari nyingine, labda ya mafanikio. Lakini mimi nikacheka, nikamwambia, "Sidi, vitambaa ni vya watu wanaosahau. Mimi kusoma sijui, kuandika sijui, kwa hivyo kichwa changu chote ni nafasi ya kukumbukia. Chakula nakiweka upande wa mkono wa kula, chambo upande wa kushoto. Kitapotea vipi?" Akanitazama vile wanawake wanavyotazama mvua inayokuja na nguo ziko kambani, akavikunja vitambaa vyake, akavitia kwenye mtungi mkavu.

Na ilikwenda sawa, msije mkadhani. Sidi akajifungua salama, mtoto wa kike, Kabibi, sauti yake ilisikika mpaka Mambrui. Siku za mwanzo natoka kazini na kifurushi kwapani, nakitia sufuriani, baada ya muda mtaa mzima unanukia. Sidi anakula, anatoka jasho, anang'aa, mtoto ananyonya mpaka anasinzia na ziwa mdomoni. Nilitembea Maweni kama niliyezaa mwenyewe. Wanaume walinisimamisha njiani kuniuliza siri, wake zao wakaja kuchungulia sufuria. Nikawa natoa ushauri, mimi, kuhusu mambo ya uzazi.

Kisha Bwana Nasoro akataka stoo ipakwe chokaa kwa ajili ya msimu wa watalii. Sasa ile friza yetu, mfuniko wake ulikuwa umekatika bawaba zamani, tunauweka tu juu na kuukandamiza kwa jiwe, kwa hivyo unaweza kuifungua ukiwa umesimama upande wowote. Wapaka chokaa wakaisukuma kutoka ukuta wa huku mpaka ukuta wa kule, hawakuigeuza, waliisukuma tu moja kwa moja, wakaiacha huko. Mimi asubuhi nafika, naona friza iko ukuta wa pili, nasimama mbele yake kama kawaida, naondoa jiwe. Mkono wa kula uko hapa, wa kushoto uko hapa. Sikujua kwamba zamani nilikuwa nikisimama kuelekea baharini, na sasa nimesimama kuelekea mjini. Friza haikugeuka. Niliyegeuka ni mimi.

Na asubuhi hiyo ndiyo niliyokuwa na haraka kuliko siku zote, maana mkwe ameleta salamu anakuja na dada zake watatu kumwona mtoto, na kuona kama mwanawe anakula. Nahodha Bakari naye yuko nje anapiga kelele, watalii wameshapanda botini, chambo kiko wapi. Nikamjazia sanduku kutoka upande wa kushoto. Nikatoa vifurushi vyangu vinne vikubwa kutoka mkono wa kula, nikavitia kwenye mkokoteni, huyo nyumbani. Vyote vyeupe kwa barafu, vyote vigumu, na kitu kilichoganda hakinuki, ndiyo hila yake.

Lori la mahindi likawashusha mkwe na dada zake saa za mchana. Nikawapigia shikamoo nikiwa natazama gurudumu. Wakaingia kumwona mzazi, wakashangilia, wakatoka wakaketi kwenye mikeka barazani, mkwe akaupa mgongo upande niliokuwa mimi. Na watu wa mtaa wakaja, maana nilikuwa nimewaalika mwenyewe (naam, niliwaalika, nilitaka mashahidi). Sufuria kubwa nimeiteleka uani mbele ya wote, nimetumbukiza ndani matofali yangu manne, gazeti na nailoni vimetoka lakini barafu bado imeyafunika meupe, nimetia tui, nimefunika, nimeweka jiwe juu, na mimi nimesimama na upawa begani kama bunduki nawaeleza habari za maendeleo. Nikawaambia siku hizi mwanamke wa kujua mambo hapiki akiwa na mtoto mchanga, anaamsha tu. Nikawaambia hii ni supu ya miguu ya mbuzi, mtainusa sasa hivi.

Wakainusa. Wa kwanza kuinusa walikuwa paka. Alikuja mmoja, wakaja watatu, kisha wakaja paka ambao Maweni hatujawahi kuwaona, nadhani wengine walipanda gari kutoka Kilifi. Wakakaa duara kuizunguka sufuria, kimya, kama waliokuja kuposa.

Mkwe akaiambia nguzo ya baraza, "Mwulize, mbuzi wa Malindi ananuka hivi?"

Nikajibu bila kupepesa, "Mayo, mbuzi wa huku wanachungwa ufukweni."

Dada yake mmoja akakohoa. Sidi akaniita kutoka ndani, "Baba Kabibi, hebu angalia sufuria." Nikamwambia tulia, mzazi hasumbuki. Nikaondoa jiwe, nikafunua, mvuke ukanipanda usoni, nikafumba macho, nikatumbukiza upawa mpaka chini ili nimpakulie mkwe nyama iliyoshiba. Upawa ukakwama. Nikavuta, haukuja. Nikasema moyoni, leo hii miguu ya mbuzi imekomaa. Nikavuta kwa nguvu zile za mkokoteni, na likatoka kundi zima, waya umeshikana na waya, mikizi sita wananing'inia kwenye upawa mmoja, macho wazi, tui linawachuruzika, na katikati yao ndoana inang'aa kwa jua la mchana, kubwa kama kidole changu hiki. Na yule mkizi wa mbele alikuwa anamtazama mkwe wangu usoni. Mkwe wangu hatazamwi.

Nilisikia mnazi wa jirani ukidondosha kidaka.

Mama mkwe akageuka. Tangu nimuoe mwanawe hajawahi kunitazama, siku hiyo alinitazama, na hakuitafuta nguzo. Akasema polepole, "Wewe Katana. Mwanangu ulitaka kumlisha, au ulitaka kumvua?"

Hapo mtaa ukapasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje ya ua wakaenda kuchekea njiani, yule jirani kaziba pua kwa mikono miwili, paka nao wamepata mwanya wanamgombania mkizi wa tatu. Na mimi bado nimeinua upawa juu, sijui niuteremshe wapi. Lakini sikukata tamaa, mimi si mtu wa kukata tamaa haraka. Nikasema, "Mayo, ni kosa dogo la stoo. Chakula kipo. Chakula hakijapotea."

Na ni kweli hakikupotea, maana wakati huohuo akaingia Nahodha Bakari, jasho linamtoka, nyuma yake Mtaliano mmoja mwenye ndevu mpaka kifuani, pua imeiva kwa jua, anatabasamu. Bakari akasema, "Katana, nimefungua sanduku huko baharini, nimekuta kuku. Nimefungua kingine, kuku. Nimekosa cha kutia kwenye ndoana. Wageni wakaona kinayeyuka juani, wakasema loo, leo boti imetoa na chakula cha mchana. Wamekula chote. Huyu kala supu mifuko mitatu, amekataa kurudi hoteli mpaka amshike mkono aliyepika."

Mtaliano akaja akanishika mkono, ule usiokuwa na upawa, akautikisa kama anayepiga bomba la maji, akabusu vidole vyake. Nami, niseme kweli yangu, nilisikia raha kidogo. Nikamgeukia mkwe nikamwambia, "Unaona, Mayo? Chakula kilikuwa kizuri."

Mkwe akamtazama Mtaliano kuanzia ndevu mpaka miguu. Akauliza, "Ile supu ya kuleta maziwa, huyu ndiye aliyeinywa?"

Bakari akasema, "Ndiyo, mama. Mifuko mitatu."

"Basi mpeni mtoto," mkwe akasema. "Anyonyeshe."

Nilidhani nimeshafika chini kabisa ya kisima, kumbe bado. Nikasema kwa sauti ya mwanamume, "Mayo, nipe dakika kumi. Vifurushi vingine vimebaki friza, navijua viliko, naenda navileta sasa hivi."

Akauliza, "Viko upande gani?"

Nikainua mkono wa kulia. Kisha nikaiona ile friza kichwani, ukuta wa kwanza, ukuta wa pili, bahari huku, mji huku, nikauteremsha ule mkono nikainua wa kushoto. Kisha nikasita, nikauinua tena na ule wa kulia. Mbele ya mkwe, dada zake, Maweni yote, nahodha, Mtaliano na paka, nikawa nimesimama mikono yote miwili juu, kama mwizi.

"Fungeni mizigo," mama mkwe akawaambia dada zake.

Neno nilikuwa nimeshalisema Jilore mbele ya wakubwa. Nikaegesha mkokoteni mlangoni. Nikapakia godoro, beseni, sanduku la nguo. Sidi akatoka na mtoto kifuani, na nilidhani ataangua kilio, kumbe machozi yale yalikuwa ya kicheko, alikuwa amecheka huko ndani mpaka akakaa chini, akaniambia tumbo limemuuma kuliko siku ya kuzaa. Lakini aliponifikia akaacha kucheka. Akatoa kitambaa kimoja cha ile leso, akaushika mkono wangu wa kula, akanifunga kwenye kifundo, mafundo mawili, kama anayefunga mbuzi wa kupelekwa mnadani.

"Usikifungue," akasema. "Ukija Jilore, ujue mkono wa kuniamkulia."

Nikasukuma mkokoteni mpaka pale lori lilipokuwa, mimi mbele, mkwe nyuma, paka nyuma yake wakifuata harufu ya mikono yangu. Nilisukuma kichwa juu, maana mtu akianguka na kichwa chini anaonekana ameanguka mara mbili. Nyumba niliporudi ilikuwa hivyo hivyo nilivyoiogopa, stoo ya barafu.

Kila nilipopata siku nilipanda Jilore, na mkwe akanipa kazi: nikikanyaga tu uwanjani nakuta kuku, kisu na kuni, napika supu mbichi pale pale mbele yake, ikitoka motoni inaingia kwa Sidi ikiwa inachemka. Tangu siku ya mikizi aliacha kusema na nguzo, akawa ananiambia mimi moja kwa moja, "Ongeza pilipili manga, wewe mvuvi." Watu wa Jilore walishangaa, mkwe gani anasema na mkwe wake hivyo. Mimi nilijua ni adhabu, lakini nilizoea, na ukiniuliza sasa nitakwambia nilipata mama.

Mtoto jina lake ni Kabibi, lakini bibi yake alimpa la kumchezea, Kachambo, na ndilo lililoshika. Wakarudi Malindi mtoto akiwa anatambaa, tena anatambaa mbio kuelekea jikoni.

Juzi huyo Kachambo kanipigia simu kutoka kwake Mariakani. Ana mimba, tumbo limefika puani, ananiambia kwa furaha, "Baba, tumenunua friza." Nikakaa chini. Nikamuuliza inafunguka upande mmoja au pande mbili. Akasema upande mmoja. Nikamwambia hata hivyo usitie kitu mpaka nifike. Nimeshamchania mamake leso mbili nzima, vitambaa vimejaa mfuko, na nimeapa, kifurushi kisichokuwa na kitambaa hakiingii kwenye friza ya mwanangu hata kiwe cha maji. Sidi aliponiona nachana akanitazama, akachukua kitambaa kimoja, akanivuta mkono.

Nikamwambia, "Sidi, mimi ni mzee sasa, mkono wa kula naujua."

Akasema, "Nionyeshe."

Nikamnyoshea ule uliokuwa karibu naye. Akanifunga mwingine.